Supu ya Mama, Mwezi wa Saba

Mwaka juzi, hoteli ya Diani nilikokuwa nikitandika vitanda ilikosa wageni, nasi tukaambiwa tukae nyumbani mpaka tuitwe. Nilirudi Kombani kwa mama. Alikuwa amepooza upande wa kulia, na maneno yalikuwa yamempotea. Dada yangu aliyekuwa akimuuguza alirejea Msambweni kwa watoto wake, tukabaki mimi na mama.

Ulikuwa mwezi wa saba. Wenzangu wa bara pale hotelini huicheka baridi yetu, lakini manyunyu yakishikana na upepo wa kusi kwa siku tatu, hata godoro huwa na unyevu. Siku kama hizo, tulipokuwa wadogo, mama alikuwa akifunga madirisha, akaliweka jiko la makaa karibu na mlango, akatupikia supu ya kuku. Tuliinywa tumejifunika leso zake, jasho likitutoka puani.

Nikaamua nami nimpikie. Jikoni kwake sikuwahi kushika hata mwiko. Nilichinja jogoo, nikatia tangawizi, thumu na pilipili manga kwa kukisia, nikachemsha mpaka nyama ikaachana na mfupa. Nikamwegemeza mama kwenye mito, nikapeleka kijiko mdomoni. Alionja, akaugeuza uso.

"Ki," akasema.

Lilikuwa neno la kwanza kulisikia kwake tangu nifike. Nikafurahi mpaka nikaangusha kijiko.

"Kitunguu, mama? Nilitia."

Akatikisa kichwa. "Ki."

Nikamletea kikombe, labda kijiko kilimchosha. Sicho. Nikamletea kitambaa cha kumfutia mdomo, kiti, hata kitana. Nikakumbuka kiungo cha kisibiti, nikakitafuta katika makopo yake yote, nikamnusisha. Kila nilipotoka na kurudi alinitazama mikononi kwa hamu, kisha akafumba macho. Mkono wake mzima ulikuwa ukipiga godoro, taratibu kwanza, halafu kwa nguvu.

"Ki! Ki!"

"Sijui, mama. Wallahi sijui."

Akaanza kulia. Nusu ya uso ililia, nusu ilitulia vilevile. Mimi, mtu mzima mwenye ndevu, nikakaa sakafuni nikalia pia.

Jirani yetu, mama wa makamo aliyekuwa akija kumwogesha, alibisha hodi akatukuta hivyo. Nilimwamkia shikamoo nikijifuta macho kwa mkono wa shati. Nikamweleza. Akakaa kitandani, akamshika mama mkono.

"Dada yangu, ni kitu cha kula?"

Mama alifumba macho. Alikuwa amechoka.

"Hata mimi sijui, mwanangu," jirani akaniambia. "Mpe tu hiyo supu."

Ilikuwa imeshapoa, mafuta yameganda juu. Niliipasha moto. Alikunywa vijiko vitano akitazama ukuta, cha sita kikammwagikia shingoni, nikaacha. Nilimfunika leso mbili na blanketi, nikamkanda miguu. Ilikuwa baridi, na haikupata joto hata mikono yangu ilipochoka.

Mwezi wa tisa maneno machache yalimrudia. Siku moja nilimuuliza, "Mama, siku ile ya supu ulikuwa unataka nini?"

Alifikiri sana. "Supu gani?" akasema.

Nikamwambia basi, si kitu.

Hoteli iliponiita, dada alikuja kumchukua. Nilimbeba mama mgongoni hadi kwenye gari, mwepesi ajabu, nikamfunga mkanda. Dada akaniuliza mama anapenda chakula gani siku hizi. Nilisimama pale na begi la nguo mkononi, nikamwambia, "Wallahi sijui."