Shemeji Niliyemwita Mwizi Ndiye wa Kunipokelea Sanduku

Wewe mwenye ukurasa, jina langu lifunike vizuri. Likitoka nitajua ni wewe, maana sijamwambia mtu mwingine. Kijiji pia usikitaje, sema upande wa Sabaki, basi.

Mimi ni mzee wa miaka sabini na tatu. Shule sikwenda, nilisoma ngumbaru ukubwani, lakini haya naandika kwa kidole changu mwenyewe tangu asubuhi. Nina minazi yangu, nyumba ya mabati yenye stima, na mabinti wote nimewaoza kwa heshima. Hapa kwetu hajazaliwa wa kunidhulumu akalala usingizi.

Mke wangu anauza mahamri na mbaazi za nazi. Kila alfajiri lazima akae kwenye mbuzi akune nazi kumi, na bega lake la kulia sasa limechoka, mkono haupandi hata kujifunga leso. Nikaona kwenye simu mashine ya stima ya kukunia nazi. Nikaagiza mwenyewe, nikalipa mwenyewe, sikumwambia. Nilitaka aikute tu jikoni.

Mzigo ukafikia duka la shemeji yangu pale sokoni, kaka yake mke wangu, maana ndipo kampuni ile inapoachia mizigo ya watu. Akanisogezea daftari. "Shemeji, fungua hapa hapa ukague. Ukishatia sahihi huna neno tena." Na pale wamesimama wanawake watatu wananunua unga na mwenye boda mmoja, macho yote kwangu. Mimi kitu changu kipya hakifunguliwi njiani. Kinaingia ndani kwanza, kinafukizwa ubani, ndipo watu wakione. Ukikianika mbele ya macho ya watu hakimalizi wiki, ndivyo nilivyolelewa. Nikamwambia, "Sema tu unataka kujua nimenunua nini." Akacheka. "Haya bwana, nenda nacho. Ukikuta jiwe usinirudie." Nikatia sahihi, na sahihi yangu nzuri, hata karani wa chifu aliwahi kuisifu.

Nyumbani nikafunga mlango, nikafukiza, nikafungua. Ndani mna mashine ya kukaushia nywele, ile ya saluni. Na mimi kichwa hiki hakina hata unywele mmoja.

Sasa fikirini wenyewe. Mtu anakutajia jiwe hujafungua, amejuaje? Gundi ya sanduku ilikuwa tabaka mbili. Na binti yake shemeji ana saluni Malindi. Nikaunganisha mwenyewe, sikuhitaji polisi.

Nikapigia kampuni. Msichana mwenye sauti laini akasema, "Pole mzee wetu, lakini hapa inaonyesha ulikagua ukatia sahihi." Nikamwambia, "Mwanangu, mimi nilitilia sahihi sanduku, sikutilia kilichomo." Akasema watachunguza. Kila nikipiga anashika mwingine, jina lingine, naanza hadithi upya. Nikasema hawa na shemeji ni kitu kimoja.

Ijumaa baada ya swala nikamfuata dukani, watu wamejaa. "Toa mashine yangu, mwizi wewe!" Alikuwa anapima sukari, mkono ukasimama hewani. "Shemeji, mimi?" Nikamwambia, "Wewe na binti yako." Akamalizia kupima ile sukari, akampa mteja, akaingia ndani. Wengine wakaondoka bila kununua. Nikarudi nyumbani kifua mbele nikamhadithia mke wangu.

Akauliza, "Mashine ya nini?" Nikamwambia. Akashika bega lake. Halafu akasema, "Baba alipokufa kaka ndiye aliyenilea mpaka ukanioa. Leo umemwita mwizi mbele ya watu, kisa mimi?" Akafunga leso zake akaenda kwa kaka yake, nyuma ya lile duka. Leo siku ya tisa.

Jana ukaja ujumbe wa kampuni. Wanasema kosa ni lao, karatasi za majina zilibadilishana huko ghalani kwao. Mashine yangu ilikwenda kwa mwenye saluni mmoja Mariakani, naye analalamika kama mimi. Pesa zangu watanirudishia, lakini kwanza niirudishe hii ya nywele palepale nilipoichukua, mwenye duka aifungue, aikague, atie sahihi. Wamenipa siku tano. Nikapiga nikawaambia nitaipeleka ofisi yao ya Kilifi, hata hiyo Mariakani naenda kwa nauli yangu. "Hapana mzee wetu, ni palepale tu."

Kwa nini palepale? Hilo linanisumbua. Labda shemeji ndiye aliyewapigia akawaambia wanilete nimepiga magoti. Na ujumbe wenyewe nimeusoma mara nane natafuta uongo ndani yake. Niseme kweli, nautaka uwe uongo. Ukiwa uongo, mimi bado nina haki.

Nilifikiria kumpa mwenye boda anipelekee, lakini ni yule yule aliyekuwepo siku ile, atalitangaza soko zima. Nikikaa kimya, pesa zitapotea, na hizo nitazisahau. Lakini kila asubuhi wateja wanagonga wanaulizia mahamri, nami nawaambia mama yuko msibani. Nimeshamzulia misiba miwili.

Katika maisha yangu sijapata kumwambia mtu nisamehe. Najaribu chumbani peke yangu. "Shemeji, salaam aleikum," hapo sauti inatoka vizuri. Kabla ya neno linalofuata najikuta nimeshatoka nje kuangalia minazi.

Nishaurini, jamani, nifanye nini? Nimemtukana mbele ya watu, je, lazima nimwombe radhi mbele ya watu wale wale, au niende mchana duka likiwa tupu? Na mke wangu akiwa nyuma ya pazia anasikia, hilo litamtosha kurudi?