Mchumba Aliyekataa Pweza

Nikisema nimeizunguka dunia kwa miguu, nusu ya watu hucheka. Hao hawajatembea kutoka Kigamboni hadi mbele ya Kimbiji wakifuata ufuko. Mie nimetembea, na mchanga wote wa njia ile niliurudisha Temeke ndani ya viatu.

Ilikuwa sikukuu ya Pasaka, miaka ya mwishomwisho ya Mwingereza, na masika yalikuwa yamechelewa. Nilikuwa ndio kwanza nimemaliza shule ya usiku, na somo la jiografia lilikuwa limeniharibu: kila nilichokiona nilitaka kujua kinaishia wapi. Kwenye ramani ya darasani pwani ya kusini ilikuwa mstari tu, kama uzi uliodondoka kwa fundi cherehani. Nikataka kuuona uzi wenyewe. Rafiki yangu mchonga vinyago, mtu wa kusini, alikubali kunifuata kwa sababu hajui kukataa. Rafiki yangu wa pili, Mzaramo, kuli wa bandarini, alikubali kwa sababu aliyoificha mpaka tulipokwisha kuvuka maji.

Alikuwa amepeleka posa katika kijiji kimoja huko mbele. Kuli alikuwa amemwona msichana mara moja tu, kwenye harusi ya jirani. Mshenga alikwenda akarudi, na jibu lilikuwa bado. Kwa watu wake, mposaji hakanyagi ukweni kabla ya jibu. Akionekana anazurura huko, huyo hana subira wala malezi, na posa inarudishwa. Basi yeye alitaka kupita mbali, chini kabisa, maji yakiwa yamekupwa, atazame tu pakoje.

"Nitapita kama kivuli," alisema.

Mchongaji aliyatazama mabega yale yaliyozoea magunia. "Kivuli cha ghala, labda."

Tungepita salama kama si mimi. Nilisimama kila mahali. Nilisimama kutazama kaa wakubwa kama sinia, na nyani waliokaa mwambani kama wazee wa baraza. Kisha nikaona tundu ndani ya jiwe lililokuwa likivuta pumzi na kutema maji juu, kupita minazi, wallahi. Nililala kifudifudi nichungulie koo lake linaelekea wapi. Kuli alinisihi tuondoke. Nikamwambia bado kidogo. Ile ilikuwa siku ya bamvua, bahari inapojaa kuliko siku zote, na nilipoinuka nikiwa nimelowa mpaka kofia, rasi ya mbele ilikuwa imezibwa na maji. Njia ilibaki moja, ya kupanda juu, na ilipita katikati ya kijiji.

Tukakutana na mzee anapanda njia hiyohiyo, pweza wananing'inia kwenye fimbo yake. Tukamwamkia. Akauliza tunauza nini. Nikamwambia hatuuzi kitu, sie watu wa Temeke, tunatembea. Akauliza kama tuna mgonjwa huku, au msiba. Nikasema hapana, tunatembea tu. Alitutazama kwa huruma, kama watu waliopotelewa na akili njiani, akasema tukale kwake.

Mlango wa kijani, kisima chini ya mkorosho. Kuli alinishika mkono nusura auvunje. Mshenga alikuwa amemweleza nyumba hiyo kwa alama hizohizo. Lakini tulikuwa tumeshapiga hodi na kukaribishwa, na mkeka umetandikwa.

Ukaletwa ugali wa muhogo na pweza wa nazi. Mimi na mchongaji tulikula kama waliofungiwa mwaka mzima. Kuli alikaa ameinamisha kichwa. Desturi ilimkataza kula ukweni kabla hajaoa, na asingeivunja hata kwa kujificha. Akasema hana njaa.

Mzee alitafuna, akamtazama, akatafuna tena.

"Mmetoka Temeke kwa miguu," alisema, "na mwenye mabega kama haya hana njaa."

Nikaanza kueleza kuwa ana tumbo, ugonjwa wa tangu utotoni, madaktari watatu wameshindwa.

"Hana tumbo huyo. Ana adabu."

Mzee akaagiza ndani, na upesi kikatoka kifurushi cha jani la mgomba, chenye pweza wa moto. Hakumpa kuli. Alinipa mimi.

"Minazi yangu inaishia pale penye mti ulioinama. Mkishapavuka, mpe mwenzako ale. Na mwambieni mshenga wenu aje upesi. Mie si mtu wa kungojangoja."

Tulikwenda polepole, kwa heshima, hadi mti ulioinama. Hatua moja mbele yake kuli alininyang'anya kifurushi. Nilimuuliza amepaonaje ukweni. Akasema hakuona kitu isipokuwa sahani.

Mie nikapanda mwambani. Maji yalikuwa yameanza kurudi, rasi imefunguka, na nyuma yake kulikuwa na rasi nyingine, ndefu zaidi. Niliwauliza nani anakuja. Mchongaji alikuwa amelala, na kuli alikuwa analamba jani.