Boti ya Baba na Jani la Sale

Mwezi uliopita, katika nyumba ya wageni huko Makambako, nilivuta droo ya kabati ili niweke nguo zangu, na harufu ya mbao za mkamfa ikanipanda puani. Niliisukuma droo ikafungika, nikaketi kitandani na viatu miguuni. Ni harufu kali, kama dawa ya kifua iliyochanganywa na pilipili manga, na mtu ambaye hakukulia karibu na seremala anaweza kuipita tu. Mimi ilinirudisha nyuma ya nyumba yetu, juu kidogo ya Kikatiti, nikiwa na miaka kumi, nimelala chali ndani ya boti ya matanga ambayo kutoka hapo mpaka baharini ilikuwa safari ya lori ya kutwa nzima.

Nguo sikuzitoa tena. Nililala na begi limefungwa, kama ninavyolala sehemu nyingi.

Baba yangu alikuwa seremala katika kiwanda cha mbao cha serikali pale Arusha. Ilipokuja ile miaka ya ruksa, serikali ilipoachia biashara, maduka yakajaa sabuni za kila rangi, mitumba ikamwagwa chini sokoni Tengeru hadi watu wakawa wanachagua kwa miguu, na kiwanda kikauzwa. Baba alikuwa miongoni mwa waliopunguzwa. Badala ya kiinua mgongo walipewa mbao. Wenzake waliziuza siku hiyohiyo pale getini. Baba alizileta nyumbani, mkamfa na podo, akazipanga nyuma ya nyumba na vijiti katikati ili hewa ipite, kisha akakaa juu yake majuma kadhaa bila kufanya lolote. Mama alitoka alfajiri na mikungu yake ya ndizi, akarudi jioni, akamkuta palepale alipomwacha, kama vile naye amepangwa akauke.

Naomba mniamini nikisema kwamba tulikuwa tunaogopa. Hakuwa mlevi wala hakutupiga. Alikuwa anazimika tu, kidogo kidogo, mbele ya macho yetu, na hakuna aliyejua pa kumshika.

Kilichomwinua ni kitabu. Mzungu mmoja mzee wa Usa River, ambaye baba aliwahi kumtengenezea viti, alikuwa anafungasha kurudi kwao, akamwachia kitabu chakavu cha michoro ya boti. Hazikuwa za uvuvi wala za mizigo. Zilikuwa boti za mtu kuishi ndani na familia yake, zenye jiko na vitanda, zinazotoka bandari hii kwenda ile kwa upepo tu. Baba alikisoma kitabu kile juu ya mbao zake mpaka jalada likang'oka. Kisha siku moja nikatoka shule nikasikia randa. Mama alikuwa amesimama mlangoni na ungo mkononi, ameacha kupepeta, anasikiliza.

“Anatengeneza nini?” nikamuuliza.

“Sijui,” mama akasema. “Usimuulize. Asije akaacha.”

Ilimchukua zaidi ya miaka miwili. Kwanza alitengeneza mfano mdogo, urefu wa mkono, tukaushusha kwenye mfereji wa kumwagilia migomba, ukaenda na maji hadi kwa jirani na kuku wakaukimbia. Halafu ikaja yenyewe: ule mti mnene wa chini unaoitwa mkuku, kisha mbavu zake, kisha ubao juu ya ubao. Kijiji kizima kilipita kutazama. Watu waliokuwa wakipita njia ya juu walimpigia kelele, “Shikamoo kapteni! Maji yamefika wapi leo?”

“Yamefika Moshi,” baba alijibu bila kuinua kichwa. “Kesho yako hapa. Mmejifunza kuogelea?”

Yeye mwenyewe hakujua kuogelea. Bahari aliiona mara moja, Tanga, alipotumwa na kiwanda kupokea misumari.

Lakini nitawaelezaje uzuri wa boti ile? Nyumba yetu ilikuwa ya udongo na bati, kila kitu kimewekwa pale kilipoangukia. Ndani ya boti kila kitu kilikuwa na mahali pake. Kulikuwa na rafu yenye ukingo ili vikombe visidondoke mawimbi yakija, meza iliyokunjwa ikawa ukuta, na kidirisha cha mviringo ambacho kupitia kwake Mlima Meru ulionekana kama picha iliyowekwa kwenye fremu. Mbao zilikuwa zimepigwa msasa hadi ukipitisha shavu unahisi joto. Matanga aliyashona mama kutokana na turubai la lori na mahema ya watalii yaliyochoka. Mshono wake ulikuwa mdogo na wa karibu karibu, na mama hakuwa mtu wa kushona vizuri kitu asichokitaka.

Kitanda changu kilikuwa mbele, upande wa kushoto. Baba alinilaza juu ya ubao, akanichora kwa penseli kunizunguka kuanzia kichwani hadi kwenye kisigino, kisha akaongeza shubiri mbili.

“Hizi za nini?” nikauliza.

“Za kukua, Nuru. Safari ni ndefu.”

Tangu siku ile sikutaka kitu kingine duniani. Darasani nilitazama ramani ukutani, nikahesabu miji ya pwani kwa ncha ya penseli. Niliwaaga wenzangu mara tatu.

Tatizo lilikuwa moja, na kila mtu aliliona kabla yetu. Mbao ziliingia nyuma ya nyumba moja moja, begani, kwa njia ya miguu. Boti isingeweza kutoka hivyo. Upande mmoja nyumba, upande wa pili mfereji, na huku nyuma mteremko. Njia ilikuwa moja tu, kupita shambani kwa baba mkubwa Eliamani, kaka yake baba, hadi barabara ya gari. Na kati ya shamba lake na letu palikuwa na masale.

Kwetu masale ndiyo mpaka. Ni mimea myembamba yenye majani marefu, hupandwa kwa mstari, na mtu hawezi kuing'oa hivihivi, hata akiwa na panga na hasira. Jani lake lina kazi nyingine pia. Aliyemkosea mwenzake hulichuma, hulifunga fundo, akampelekea au akamtuma mtu. Aliyepelekewa hana ruhusa ya kukataa. Nilikuwa nimeona kwa macho yangu jani moja likimaliza ugomvi wa miaka, watu wakinywa mbege, pombe yetu ya ndizi, kwenye kata moja. Kwa akili ya mtoto, sale lilikuwa ufunguo. Unapeleka, mlango unafunguka.

Baba na baba mkubwa walikuwa hawasemezani tangu babu alipozikwa. Baba mkubwa alidai kwamba baba alisogeza masale usiku wa matanga, akajiongezea mistari mitatu ya migomba. Baba alisema hakusogeza. Kanisani walikaa mabenchi mawili tofauti, wakaimba wimbo uleule.

Basi likapatikana lori. Lilileta chumvi na nazi kutoka Tanga na kurudi tupu, na dereva wake alikuwa tayari kuichukua boti Jumamosi ya mwisho kabla ya masika. Mvua ikianza, kwetu juu hakupandi gari tena. Mama alimwomba baba aende kwa kaka yake.

“Nikaombe msamaha wa kitu gani?” baba akasema. “Sikukosa.”

“Omba njia tu.”

“Atataka sale. Unamjua. Sitapeleka sale kwa kosa ambalo si langu.”

“Basi boti itaozea hapa!”

“Basi ioze,” baba akasema, akarudi kwenye msasa wake. Alikuwa akisugua sehemu ambayo alikwisha kuisugua.

Niliyasikia hayo nikiwa kitandani pangu ndani ya boti. Sijawahi kuhisi tena kitu kama kile, isipokuwa labda siku mbili tatu tu katika maisha yangu: kwamba kila kitu kiko karibu kabisa, ila kinakufa kwa sababu ya neno moja ambalo mtu mkubwa hataki kulisema. Siku ya pili nilipotoka shule nilichuma jani la sale. Nililichuma pale mpakani penyewe kwa sababu ndipo palipokuwa karibu. Nikalifunga fundo kama nilivyoona watu wakifanya, nikapita upande wa pili.

Baba mkubwa alikuwa anakata majani ya ng'ombe. Nikamwamkia, nikanyoosha mikono yote miwili.

Hakulipokea mara moja. “Nani kakutuma?”

“Baba.”

“Kwa kinywa chake?”

“Ndiyo, baba mkubwa.”

“Limetoka wapi jani hili?”

Nikaonyesha mpakani. Akaweka mundu chini. Yule mzee mkubwa, ambaye sisi watoto tulimkimbia, alikaa juu ya majani ya ng'ombe akalishika lile fundo kwa vidole viwili. “Kwenye mpaka wenyewe,” akasema. “Ndugu yangu. Kwenye mpaka wenyewe.”

Nilikimbia nyumbani nikiwa na furaha. Sikumwambia mtu.

Jumapili baada ya ibada walikuja: baba mkubwa, wazee watatu wa ukoo na mke wake akiwa na mbege kichwani. Baba alikuwa amevaa shati lake la kanisani, ameshika kitambaa, anafuta boti. Mzee mmoja akakohoa, akalitoa lile jani ambalo sasa lilikuwa limeanza kunyauka.

“Tumekuja kwa ajili ya hili,” akasema. “Wewe uliye mdogo umefanya kiume. Ila sale huja na neno. Liseme tulisikie, tunywe, yaishe.”

Baba alilitazama jani. Akamtazama mama, na mama akatikisa kichwa kwamba si yeye. Kisha macho yake yakashuka taratibu hadi yakanifikia mimi, nimesimama kando ya usukani, natabasamu. Niliendelea kutabasamu. Mpaka leo nikikumbuka hilo natamani ardhi inifunike.

“Ni langu,” baba akasema.

“Neno lake?”

Alikikunja kile kitambaa. Migomba ilikuwa inapiga kelele kwa upepo. “Nilisogeza mpaka,” akasema.

Mama aligeuka akaingia ndani.

Mambo mengine yalikwenda haraka. Ile mistari mitatu ya migomba, ambayo mama alikuwa akiuza ndizi zake, ikarudi kwa baba mkubwa, na mpaka ukapandwa upya mahali alipotaka. Jumamosi wanaume wakang'oa masale ya pale penye njia, wakaweka magogo chini ya boti, wakaivuta kwa kamba na wimbo. Baba mkubwa alishika kamba ya mbele. Alivuta hadi shati likachanika mgongoni, anacheka, anamwita baba jina lao la utotoni. Baba alitembea kando ya boti, mkono juu ya ubao. Alimuuliza dereva kama matairi ni mazima. Akamuuliza kama haoni wingu. Akauliza tena habari za matairi. Nilidhani ni furaha.

Aliondoka nayo peke yake kwenda Tanga, akasema atatuita shule zikifungwa. Zilipofungwa, nilifunga nguo zangu kwenye mfuko wa rambo, nikakaa kando ya barabara. Nilifanya hivyo likizo nne. Sokoni mama aliitwa mke wa mwizi wa ardhi, naye hakujibu, kwa sababu mume wake alikuwa amesema mwenyewe mbele ya wazee.

Alirudi mwaka wa pili, amekonda, ana mfuko wa vifaa na kipande cha ubao. Mbao zilizokaukia mlimani ziliachana mara zilipoguswa na maji, akasema, lakini mafundi wa kule walimwambia azipe muda zinywe, na zikafunga. Boti ilielea vizuri. Aliishi ndani yake muda wote ule, kamba imefungwa ufukweni, akitengeneza milango na vitanda vya watu. Hakuwahi kupandisha tanga. Mwishowe wadudu wa baharini wakautoboa mkuku ukawa kama sega la nyuki.

Ule ubao ulikuwa wa kitanda changu. Mstari wa penseli bado ulikuwapo.

Nilimuuliza nikiwa nimemaliza kidato cha nne, tunapalilia kahawa. “Baba, ulisogeza mpaka?”

“Hapana.”

“Mbona ulikubali?”

“Mtoto aliyedanganya kwa sale wangemwitaje? Ungeolewa na nani? Ungekaa wapi?”

Tukapalilia hadi mwisho wa mstari. Kisha akasema, si kwa lawama, kama mtu anayesimulia hali ya hewa, “Ile njia ilipokuwa imefungwa, Nuru, nilikuwa nalala vizuri sana.”

Ilinichukua miaka mingi na nyumba nyingi za kupanga kuyaelewa maneno hayo. Mimi ni mpishi wa kambi za watalii. Sijakaa mahali miaka mitatu. Baba hakuwahi kutaka kwenda. Alitaka kuijenga, na akiimaliza, aendelee kuisugua, huku kosa likiwa la kaka yake na la masale. Mimi ndiye niliyemfungulia mlango, akalazimika kutoka.

Baba amefariki, na baba mkubwa pia, yeye bila kuujua ukweli. Lakini baba mkubwa alipopanda upya masale pale ilipopita boti, kila mwaka aliyakata yawe ya kimo cha goti. Alisema ikirudi, ipite bila shida. Mwaka huu nilikwenda nyumbani nikamkuta mwanawe na panga, anayapunguza palepale, hatua sita kutoka huku hadi kule.

“Kwa nini hapa tu?” nikamuuliza.

“Sijui, dada,” akasema. “Mzee ndivyo alivyokuwa akifanya.”