Kivuli cha Jiwe la Uani

Mthamini wa benki alikuja amevaa viatu vyeupe, na kwa mlima wetu wa Butimba nikajua huyu hakuambiwa anakokwenda. Alipanda ngazi za mawe huku anahema, akamwamkia mama, akaomba maji ya kunywa, ndipo akaanza kazi. Alipima vyumba, akapiga picha dari lililooza kwa kuvujiwa, akagongagonga ukuta wenye ufa. Nilimfuata chumba kwa chumba. Sikuwa na ugomvi naye, ila sikupenda anavyoigonga nyumba yetu kwa kidole, kama mtu anayechagua tikiti sokoni.

Tulikuwa tunaiuza. Mama alianguka kwenye ngazi zile zile akavunjika nyonga, na daktari akasema habari ya kupanda mlima imekwisha. Angehamia kwangu Nyakato, kwenye tambarare. Mnunuzi tulishampata, mwalimu mmoja mpole, mama wa mtoto mdogo. Alikuwa ananunua kwa mkopo, na benki haitoi hela mpaka mthamini aseme nyumba ina thamani gani na nini kirekebishwe kwanza. Basi maisha yetu yote yakawa yanamngoja mtu wa viatu vyeupe.

Alipomaliza ndani alitoka uani, akasimama mbele ya jiwe.

Kila nyumba ya mlimani kwetu ina jiwe lake, lakini la kwetu lilikuwa kubwa kupita jiko. Upande wa juu ulikuwa bapa, unaupanda kwa hatua chache tu, na hapo ndipo mama alipoanika michembe, vile vipande vya viazi vitamu vya kukausha, kila mwaka baada ya kuvuna viazi. Upande wa chini liliinama kuelekea nyumbani na kutupa kivuli kuanzia asubuhi hadi jioni. Katika kivuli hicho amezikwa kaka yangu.

Sikumjua. Alizaliwa kabla yangu, akaishi siku chache, akafa kabla hajapewa jina. Mtoto wa namna hiyo hakuwekewa matanga wala msalaba. Akina mama walimzika wenyewe karibu na nyumba, wakanawa mikono, na habari yake ikaishia hapo. Mama aliniambia mara moja tu, nikiwa na mimba yangu ya kwanza, tumekaa tunamenya viazi. Alisema alipachagua pale kwa ajili ya kivuli, kwa sababu mtoto mchanga halazwi juani. Kisha akaniagiza nilete sufuria nyingine, na hatukuzungumza tena jambo hilo.

"Hili jiwe litabidi liondoke," mthamini alisema. "Likiteleza, linalala jikoni."

Nilimtazama mama. Alikuwa kwenye kiti chake cha plastiki, fimbo mapajani, macho ameyaelekeza ziwani.

"Sawa, mwanangu," alisema. "Liondoke."

Mthamini alipoteremka nilishindwa kujizuia.

"Mama, mbona hukumwambia?"

"Nimwambie nini?"

"Kwamba kuna kaburi."

"Akiandika kaburi, watakuja kumfukua. Watamtia kwenye mfuko wampeleke makaburi ya mjini, kwa watu asiowajua. Huyo hajamsumbua mtu. Mwache alale."

Nilimpigia mthamini simu nikamuuliza kama tungeweza kujenga ukuta wa kulizuia. Akasema hapana, benki inataka liondoke. Nikamwambia jiwe lile limekaa pale tangu dunia iumbwe, halijateleza hata kidogo. Akacheka, akasema ananielewa. Roho iliniuma kwa kile kicheko, ingawa yeye angejuaje?

Tukaita mafundi. Bati zikabadilishwa, dari likawekwa jipya, ufa ukazibwa na ukuta ukapakwa rangi ya maziwa. Mama alikuwa anatembea polepole chumba hadi chumba, anapapasa kuta. "Kumbe nyumba yangu ni nzuri," alisema. Nilitoka nje nikajifanya nina simu ya kupiga.

Mwisho wakaja wapasua mawe. Kazi yao unaijua kama umekulia Mwanza: wanarundika kuni na matairi mabovu juu ya jiwe, wanawasha moto, wanaliacha liive hadi lipasuke lenyewe, ndipo wanaingia na nyundo. Kabla hawajawasha, mama alimwita mkubwa wao.

"Mkishalipasua, bebeni mawe tu. Chini msichimbe. Kuna bomba."

"Bomba la maji, mayu?" aliuliza, akimwita mama kwa Kisukuma.

"La zamani."

Yule fundi aliitikia kwa heshima, akawaonya wenzake. Mama aliingia ndani, akaagiza madirisha yafungwe. Jiwe lilipopasuka mara ya kwanza, sahani kabatini zililia. Alishika pindo la kitenge akafuta macho, akalalamika kwamba moshi wa matairi ni mbaya sana. Nikakubali kwamba ni mbaya. Madirisha yote yalikuwa yamefungwa.

Kokoto zilipoondoka tukabaki tunamngoja mthamini arudi kukagua. Mara mvua, mara yuko Sengerema kikazi, mara simu haipokelewi. Mwalimu naye alikuwa anapiga kuuliza. Vitu vyetu vilikuwa vimefungwa kwenye maboksi. Tulikuwa tunakula kwenye sahani mbili tulizozibakiza.

Katika kungoja huko ndipo nilipomwona mama anatoka kwenda uani mchana, fimbo mkono mmoja, kitenge mkono mwingine. Jua la saa sita lilikuwa limepiga pale ambapo halikuwahi kufika tangu nizaliwe. Aliinama kwa shida na ile nyonga yake, akatandika kitenge juu ya udongo mtupu, akanyoosha pembe zake. Jioni alikwenda kukichukua, akakikung'uta, akajifunga. Kesho yake akafanya vile vile, na kila siku iliyokuwa na jua. Nilitaka kumsaidia kuinama, lakini nilipomwona anavyotandika, nilirudi jikoni.

Mthamini alirudi siku ya jua kali, safari hii kwa viatu vyeusi, akiongozana na mwalimu. Alitazama bati, dari na ukuta, akatoka uani, akaridhika. Alisema hela itaingia, na kwamba funguo tunaweza kuzitoa siku hiyo hiyo. Mwalimu alifurahi mpaka akanikumbatia. Alizunguka uani akionyesha kwa mkono pa kuanikia nguo na pa mtoto kuchezea, na alipofika kwenye kitenge akakiokota. Alikikung'uta vumbi vizuri, akakikunja mara nne, akaja kumpa mama kwa mikono miwili, amepiga goti kidogo.

"Mama, kitenge chako kilianguka."

Nilifungua mdomo. Mama akaniwahi kwa macho.

"Asante, mwanangu," alimwambia. "Upepo wa ziwa huu."

Alimkabidhi funguo, akaomba nimshike bega, tukaanza kuteremka ngazi moja moja. Kitenge hakujifunga. Alikibeba kifuani, kwa mikono yote miwili, hata fimbo akaniachia mimi.