Vipepeo wa Kwenye Maweni

Mimi mtoto wa mjini, wa Ng'ambo, msitu sikuzaliwa nao. Nimeolewa kusini, kijiji kilichopakana na msitu, na huko wanawake tunafuga vipepeo. Tunakamata majike, tunawaacha watage ndani ya vizimba vya chandarua, tunalisha viwavi, na vikishajifunga kwenye vifuko vyao tunaviuza kwenye bustani wanayokwenda wageni kutazama. Kazi naipenda. Msitu naogopa mpaka leo, na anayejidai haogopi namuona muongo.

Aliyenifundisha ni wifi yangu, dada wa mume wangu. Kwenye mindimu ya uani wanataga wale weusi wenye madoa ya manjano. Ndani ya msitu mkubwa, penye kiza na ardhi ya majimaji, wapo wakubwa wasiojali maua. Hao uwategee ndizi iliyooza, na hata mavi ya kima wanayafuata, hawana haya. Kwenye mikoko wanapita wachache tu, wanakwenda zao. Kwenye maweni, ile nchi ya mawe makali na vichaka, jua likiwaka wanazuka wadogo weupe wengi mpaka macho yanauma.

Akanifundisha na jengine: kwenye maweni hatuitani majina. Shetani hulidaka jina, akakuita kwa sauti ya mtu wako, na ukiitika umekwisha. Sisi tunapigiana makofi.

Asubuhi hiyo tulikuwa tunamtaka jike mmoja wa rangi ya chungwa, anayekaa pale tu msitu unapoishia na mawe yanapoanzia. Wifi alikwenda mbele na kikapu, na simu yangu imo humo. Mimi nikamuona jike, nikanyanyua wavu, macho juu kama sina akili. Majani makavu yakafunguka chini yangu, mguu ukazama kwenye ufa mpaka gotini.

Nikavuta. Jiwe likazidi kuniuma. Chini nikasikia baridi inapanda, halafu kitu kikachakarisha, taratibu, karibu na kisigino. Mama yangu wee! Akili zote zikanitoka, nikapiga ukelele nikamwita wifi kwa jina lake, tena na jina la baba yake.

Nikaita tena, nikilia. Ndipo nikasikia vijiti vinakatika: anakimbia, na anakimbilia kule, si kwangu. Nilipoyakumbuka makofi nilikuwa nshaharibu, kwake yeye shetani ndiye mimi. Nilipiga mpaka viganja vikawaka moto, na yeye akazidi kwenda. Nikajua ntaachwa hapa. Watu watakuja kunitafuta kesho, na hicho kilichomo shimoni hakitangoja kesho.

Sijui nani aliniongoza. Shetani haistahamili adhana, hilo hata mtoto wa chuo cha Kurani analijua. Basi mimi, mwanamke, saa nne ya asubuhi, mguu shimoni, nikaadhini. Allahu Akbar, Allahu Akbar! Sauti inapasuka, nimeivuta mpaka mwisho, nikaanza upya.

Vijiti vikarudi. Wifi akatokea baina ya vichaka, kanga imemporomoka. Hakusogea.

"Nionyeshe miguu," akasema.

Maana jini hujigeuza chochote, lakini kwato hazimtoki. Nikaunyoosha ule mguu uliokuwa nje.

"Na wa pili?"

"Wa pili ndio ulionasa, mjinga we! Nnakufa mie!"

Alinitazama, akatazama ule ufa mweusi. Nikamwambia kweli, kuna kitu mle, nimekisikia. Akapiga magoti, akasema bismillahi, akatia mkono wake ndani mpaka begani. Nikausikia unashuka, gotini, kwenye muundi, kisiginoni, halafu ukaanza kupapasa mbele, kimoja baada ya kimoja.

"Ni vidole," akasema, akaangua kilio. "Ni vidole, wifi yangu." Na mkono hakuutoa mle mpaka mguu wangu ulipotoka.