Maji Chini ya Mshono

Wiki ya tatu tangu nirudi Mpanda, nilikuwa nafuta ubao darasa la nne, nikasikia kitu kinacheza chini ya ngozi ya tumbo langu, kama maji ndani ya dumu lisilojaa. Nikasogeza kiuno kidogo. Kikacheza tena. Watoto walidhani nimesahau nilichotaka kuandika.

Nilikuwa nimetoka Dar es Salaam kukatwa ngozi ya tumbo. Mume wangu nilimwambia naenda kutolewa ngiri ya kitovu. Ukweli aliujua dada yangu tu, niliyefikia kwake. Tangu nizae mapacha, ngozi ilikuwa imelegea na kuning'inia, na joto la mwezi wa tisa likianza, chini ya ule mkunjo panatoka vipele vinavyowasha hadi nashindwa kukaa. Lakini nisijitetee kwa vipele. Nilitaka pia kuvaa gauni bila kujifunga kitenge kwa ndani. Niliona haya kumwambia mtu kwamba mwalimu mzima, mama wa watoto wanne, anatamani tumbo zuri.

Daktari wa Dar alinionya vizuri. Alisema nivae mkanda usiku na mchana, nisinyanyue kitu kizito, nisiondoke mjini kabla hajanikagua mara ya pili. Mimi mpira wa kutolea maji ulipochomolewa tu nikapanda basi. Nyumbani, Misunkumilo, nikabeba ndoo, nikafua, kwa kuwa nilishasema ni ngiri ndogo. Mkanda ulinichemsha, nikawa nauvua nikienda shule.

Nilienda hospitali peke yangu. Daktari wa kike niliyemkuta nilimweleza ukweli wote. Akaniambia ngozi ilipotenganishwa na misuli palibaki nafasi, na mwili unaijaza majimaji. Akapasafisha, akachoma sindano, akavuta. Yalitoka ya njano kama mafuta ya alizeti, bomba la kwanza, la pili, la tatu. Tumbo likalala. Nilitoka pale nikilia kwa furaha.

Baada ya siku tano likajaa. Akavuta tena, likajaa tena. Tulikwenda hivyo mwezi mzima, na kila mara nyumbani niliaga kwamba nina kikao. Nguo nilibadilishia bafuni. Mume wangu hakuwahi kuuona mshono.

Siku moja ofisini mwalimu mwenzangu akaniwekea mezani embe bichi na chumvi kwenye karatasi. "Mama Pacha, hongera. Unadhani hatuoni?" Wengine wakapiga vigelegele. Nikacheka nao. Nikalila lile embe lote, maana sikujua nifanye nini kingine.

Habari zikamfikia mume wangu kwenye mashine anakokoboa mpunga. Aliporudi hakukaa.

"Una mimba?"

"Sina."

"Basi hilo tumbo la nini? Ngiri imerudi. Kesho tunaenda wote."

Kesho yake daktari wangu alikuwa likizo. Tulimkuta mwingine, mwanamume mpole, na mume wangu ndiye aliyeeleza: "Alitolewa ngiri Dar, sasa pamevimba upya." Daktari akaniomba nilale kitandani, akashusha kitenge, akasimama. Mshono ulianzia nyonga moja ukaishia nyonga nyingine.

"Mama," akasema, "ngiri ya kitovu haiachi kovu kama hili. Niambie ulifanyiwa nini. Kama hapa ndani ni ngiri nami nikachoma sindano, naweza kutoboa utumbo."

Mume wangu alikuwa amesogea. Alikuwa anautazama mshono kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake.

Nikasema. Nilisema nikiangalia dari, yote, hadi vile vikao. Nilipomaliza, mume wangu alikuwa ameshatoka nje.

Kipimo cha utrasaundi kilionyesha kwamba maji yalikuwa yamejijengea mfuko wenye ukuta wake. "Sindano haitoshi tena," daktari akasema. "Tukivuta, mfuko utajaa tena. Lazima utolewe." Nikapewa rufaa ya Mbeya.

Siku mbili mume wangu alisema na watoto tu. Siku ya tatu nikamkuta anapanga nguo zangu kwenye begi, na za kwake juu ya zangu. Safari nzima aliniuliza mara moja tu kama nasikia maumivu, tulipokuwa tunashuka kula Sumbawanga.

Mbeya walinifungua palepale pa zamani, wakautoa ule mfuko, wakaishona ngozi kwenye misuli isibaki nafasi, wakaniwekea mipira miwili yenye vichupa. Nesi alimfundisha mume wangu kuvimwaga. Alinawa mikono hadi kwenye viwiko, akamwaga, akanisomea kipimo kwa sauti. Kila siku kilipungua.

Siku ya tano au ya sita, akiwa ameshika kichupa, akasema, "Ungeniambia tu."

"Ungekataa."

Akafikiri. "Ningekataa, ndiyo." Akakifunga kizibo. "Lakini ningejua uko wapi. Ungekufa kwenye meza ya watu, mimi nikiwaambia ndugu zako umekufa kwa ngiri."

Nilimwomba radhi. Alisema amesikia. Hakusema amesamehe, nami sikuthubutu kumuuliza.

Mpira wa mwisho ulitolewa kabla hatujarudi Mpanda, na safari hii nilikaa hadi nikaruhusiwa. Maji hayajarudi. Chini ya kitovu pana ganzi, nikipashika ni kama nimeshika mtu mwingine. Gauni nililolitamani linanikaa vizuri. Nimelivaa mara moja, kanisani, na njia nzima mume wangu alitembea mbele yangu hatua chache, akiwa amewashika mapacha mikono.