Jina la Nzilani Kwenye Ratiba

Nzilani alizaliwa Muthetheni, akasomea kompyuta mjini Machakos, kisha akaajiriwa katika ofisi ya kiwanda kimoja cha mabati huko Mavoko. Hakuwa msemaji. Wafanyakazi wa mashine walimjua kwa uso tu, mpaka meneja wao, Justus, alipomwambia aache kubandika ratiba ya zamu ukutani, aitume kwa barua pepe.

Aliandika programu fupi. Kazi yenyewe ya kutuma hakuiandika kutoka mwanzo. Alichukua maktaba ya programu, yaani msimbo uliokwisha kuandikwa na wengine, akaipa anwani ya mtumaji, anwani za wafanyakazi na maneno ya ratiba. Wakati wa kujaribu aliweka anwani yake mwenyewe kama mtumaji. Barua zikafika, naye akaiacha hivyo.

Basi kila Ijumaa ratiba iliingia kwenye simu za watu ikiwa na jina la Nzilani juu yake. Wakaamini yeye ndiye anayepanga. Mmoja alimletea kuku. Mwingine aliacha kumsalimu. Majibu ya kulalamika yalimjia mengi; aliyasoma, akaogopa kuyapeleka kwa Justus.

Siku moja Loise, mama wa makamo aliyekuwa akipakia mabati, alimfuata kantini.

"Madam, nimekuandikia na hujibu. Niko na mgonjwa nyumbani. Mwaitu, mama yangu mzazi, alianguka, hawezi kujigeuza kitandani, na wewe unaniweka usiku tu."

"Mama, si mimi. Anayepanga ni Bwana Justus. Mimi natuma tu."

"Lakini jina liko pale ni lako."

Nzilani alirudi mezani, akafungua programu. Maktaba ile ilikuwa na nafasi ya kutaja majibu yaende kwa nani, na hakuwa ameijaza. Akaandika anwani ya Justus. Kisha akamtumia yale yote yaliyokwisha kufika.

Jumatatu Justus alimwita.

"Nani alikuambia uniletee hawa watu wote?"

"Hakuna, boss. Lakini ni wewe unaweza kuwajibu."

Justus akageukia skrini. Juma lile alianza kujibu. Wengi aliwakatalia, lakini Loise alihamishiwa zamu ya mchana.

Baadaye Justus alichoka, akaagiza majibu yapelekwe kwa ofisi inayoshughulikia mambo ya wafanyakazi. Nzilani akabadilisha anwani. Loise hakuwahi kuja kumshukuru. Zamu ikiisha alikuwa na haraka ya kwenda kumlisha mama yake, na Nzilani hakuona ubaya.